Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na wakuu wa vyuo vya tiba: mtoto aliyeungua hawezi kusubiri kambi ya madaktari wageni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Katibu Mkuu na Mganga Mkuu wa Serikali. Wakuu wa vyuo vikuu vya tiba Muhimbili, KCMC na Bugando. Baraza la Madaktari Tanganyika. Na uongozi wa COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, Arusha.

Waheshimiwa, na ninyi maprofesa mlionifundisha, shikamooni.

Naandika kuomba upasuaji rekebishi, yaani ule wa kurekebisha viungo vilivyoharibika, ambao pia huitwa upasuaji wa plastiki, ufundishwe hapa nchini, katika hospitali za kanda na za mikoa ambako wagonjwa wake wamelala. Naomba pia ufundishwe kwa ngazi mbili. Ya kwanza ni ya kila daktari anayesomea upasuaji wa jumla, iwe lazima kwake. Ya pili ni ya wale wachache watakaobobea. Juhudi tulizo nazo leo tumezielekeza kwenye ngazi ya pili. Ile ya kwanza kila mtu anaiokota anavyoweza, na gharama yake inalipwa na watoto.

Mimi ni daktari wa upasuaji wa jumla katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Ziwa. Nashona matumbo, natoa mabusha, napasua ngiri, nawapokea majeruhi wa bodaboda usiku. Lakini wodi inayonikosesha usingizi ni ya walioungua, na ndiyo inayonifanya niseme hadharani.

Mtaani ukitaja upasuaji wa plastiki, watu wanafikiria matiti na makalio ya watu maarufu. Wanaoletwa kwetu ni wengine kabisa. Ni mtoto wa miaka miwili aliyevuta sufuria ya uji. Ni mgonjwa wa kifafa aliyeangukia mafiga, na waliokuwa karibu wakaogopa kumgusa mpaka degedege likaisha. Ni kijana wa bodaboda ambaye mfupa wa muundi uko nje na hakuna nyama ya kuufunika. Ni mtoto aliyezaliwa na mdomo wazi, ambaye bibi yake anauliza kama mama alikula sungura. Ni mtu mwenye ualbino aliyeondolewa saratani ya ngozi kwenye shavu, pakabaki shimo. Ni mama aliyekatwa titi, naye ana miaka thelathini na tano. Ni mzee aliyeungua akiwa kijana, kovu likawa kidonda kisichopona, na sasa kidonda hicho kimegeuka saratani. Hawa wote ni wagonjwa wa fani moja, na mikoa mingi haina hata daktari mmoja wa fani hiyo.

Nianze na moto, kwa sababu hapo ndipo mafunzo madogo huokoa makubwa.

Ngozi iliyoungua juu juu hupona yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Moto ukiingia ndani zaidi, ikapita wiki ya tatu kidonda bado kiko wazi, mwili unaanza kukifunga kwa njia yake, yaani kwa kuvuta kingo zake zikutane. Kwenye paja, huko kuvuta kunaacha kovu baya tu. Kwenye kiwiko, kwapa, shingo au vidole, kunaacha kilema. Dawa yake inajulikana miaka mingi: unaondoa nyama iliyokufa, unachukua tabaka jembamba la ngozi isiyoungua, mara nyingi pajani, lenye unene wa milimita 0.2 hadi 0.4, unalitandaza juu ya kidonda, unalishikiza na kufunga. Paja lenyewe hupona kwa wiki mbili kwa sababu ngozi haikutolewa yote. Kazi hii haihitaji mashine za mamilioni. Inataka kisu cha Humby au dermatomu, vifaa vya kukatia ngozi nyembamba, wembe mpya, damu ya akiba, mtaalamu wa usingizi na mkono uliozoea.

Huo mkono uliozoea ndio tunaoukosa. Kitabu hakikufundishi uukandamize wembe kiasi gani kwenye paja la mtoto. Ukizidisha, umetengeneza jeraha jipya la kudumu. Ukipunguza, unapata vipande visivyofunika kitu. Unatakiwa usimame karibu na anayejua, akushike kifundo cha mkono, akwambie "legeza, legeza, sasa endelea," na ufanye hivyo mara nyingi mpaka woga ukutoke. Daktari aliyemaliza MMed, yaani shahada ya uzamili, ya upasuaji akiwa amepandikiza ngozi mara mbili tatu tu, tena akiwa msaidizi, akipelekwa mkoani hataligusa paja la mtoto. Simlaumu. Atasubiri. Mtoto atabadilishwa bandeji Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wiki ya nne, ya sita, ya tisa, kwa maumivu ambayo muuguzi mwenyewe anashindwa kuyatazama. Mama amelala sakafuni chini ya kitanda. Baba kijijini ameuza mbuzi, kisha akauza shamba la mihogo. Mwishowe wanaomba ruhusa, wanaondoka.

Wanarudi baada ya mwaka au miaka miwili, vidole vimeshikamana na kiganja, au kidevu kimeshonwa na kovu kifuani. Jambo lililotaka saa moja na nusu sasa linataka upasuaji mara tatu au nne, pini kwenye vidole, banzi na mazoezi ya miezi. Shingo iliyogandia kifuani ni hatari hata kabla sijashika kisu: kichwa hakiinuki, kwa hiyo mtaalamu wa usingizi hawezi kupitisha mpira wa hewa kwa njia ya kawaida. Mgonjwa wa namna hiyo namwandikia rufaa. Familia iliyokwisha kuuza shamba haifiki Dar es Salaam.

Ndiyo maana nasema ngazi ya kwanza ina uzito kuliko ya pili. Tukipata mabingwa bobezi ishirini kesho, na madaktari wa upasuaji wa mikoani wakaendelea kusubiri wiki ya tisa, hao ishirini watakuwa na kazi ya kurekebisha vilema ambavyo havikupaswa kuwepo.

Miaka ya 1960 daktari mmoja mwanamke, Zora Janžekovič, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Maribor, mji usio mkuu katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa Yugoslavia na sasa ni Slovenia. Hakusubiri nyama iliyoungua ianguke yenyewe kama ilivyokuwa desturi. Siku chache tu baada ya ajali aliikwangua tabaka kwa tabaka hadi afikie nyama inayotoa damu, akapandikiza ngozi papo hapo. Andiko lake la 1970 lilibadilisha tiba ya moto duniani, na madaktari wa nchi nyingi wakawa wanasafiri kwenda Maribor kumwona akifanya kazi. Wodi ile ilikuwa na wagonjwa wengi, mwalimu mmoja mwenye msimamo, na mlango uliokuwa wazi kwa wanafunzi. Wagonjwa wengi sisi tunao.

Maprofesa wangu, ombi langu la kwanza ni lenu. Kila anayesomea MMed ya upasuaji wa jumla, na kila anayesomea uanachama wa COSECSA, apitie miezi mitatu ya lazima katika wodi ya moto na upasuaji rekebishi. Isiwe miezi ya kuandika majalada. Akitoka, kitabu chake cha kumbukumbu kionyeshe upandikizaji wa ngozi alioufanya kwa mkono wake, umesainiwa na mwalimu, na bila idadi hiyo asiruhusiwe kuingia mtihani wa mwisho. Idadi wekeni ninyi. Mimi nikiulizwa nitasema isiwe chini ya ishirini. Aongezewe kufungua kovu lililokaza kwa mikato ya Z, na kufunika muundi ulio wazi kwa msuli wa shavu la mguu. Majeruhi wengi wa bodaboda mguu wao ungeokolewa na kazi hiyo hapo hapo mkoani kama kuna aliyefundishwa, kwa sababu msuli unaohitajika uko pale pale kwenye mguu wenyewe.

Sasa nije kwa wanaobobea.

Kijana anayetaka njia hii anaanza na miaka mitano ya MD, shahada ya kwanza ya udaktari, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Hapo, baada ya kusubiri ajira, ana njia mbili. Anaweza kusoma MMed ya upasuaji miaka mitatu au minne, kisha atafute ubingwa bobezi, na wengi tuwajuao walioufuata walilazimika kwenda nje. Au anaweza kupitia COSECSA: miaka miwili ya uanachama, kisha mitatu ya ufelo katika upasuaji rekebishi. Njia zote mbili zinamfikisha zaidi ya miaka kumi tangu kidato cha sita. Sisemi zifupishwe. Mtu anayeshona mshipa wa damu wenye upana wa milimita moja kwa uzi mwembamba kuliko unywele anastahili kusomea kazi hiyo kwa miaka mingi.

Ninachouliza ni anakosomea. COSECSA ilianzishwa mwaka 1999 na makao yake yako Arusha, kwetu. Ni chuo kisicho na kuta: mwanafunzi hahami, anafundishwa katika hospitali iliyokaguliwa na kuidhinishwa, akiwa kazini na mshahara wake, na wagonjwa wale wale atakaowatibu maisha yake yote. Kwa nchi kama yetu sijaona mpango unaofaa kuliko huu. Lakini hospitali haiidhinishwi bila mwalimu wa fani husika. Mikoani na kwenye kanda nyingi hakuna mwalimu, kwa hiyo hakuna mwanafunzi. Na kwa kuwa hakuna wanafunzi, hakuna atakayekuja kuwa mwalimu. Fundo hili halitafunguka lenyewe. Wizara ndiyo yenye uwezo wa kulifungua.

Wenzangu waliosoma nje wanasimulia jambo moja. Kule walikuwa wageni, mara nyingi bila leseni kamili ya kupasua, hivyo walisimama nyuma ya mwalimu wakatazama. Walichokitazama ni kazi nzuri ya kuhamisha nyama na mishipa chini ya hadubini. Waliporudi hawakuikuta hadubini, wakakutana na mtoto wa uji wiki ya tisa, ambaye kule hawakumwona kabisa. Safari ya nje ina faida, ila naona imewekwa mwanzoni ilhali mahali pake ni mwishoni: daktari aliyekwisha kupandikiza ngozi mara mia nyumbani, aende miezi sita kuongeza ujuzi wa hadubini. Huyo atajua anatafuta nini.

Kuna historia yetu wenyewe ambayo wengi hatuikumbuki. AMREF, shirika la afya la mwaka 1957 lililoleta Madaktari Warukao, yaani madaktari waliowafuata wagonjwa kwa ndege, lilianzishwa na madaktari watatu, na wote watatu walikuwa wa upasuaji rekebishi: Archibald McIndoe, Michael Wood na Tom Rees. Wazo lao walilizungumza chini ya Mlima Kilimanjaro. McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, ndiye aliyewatibu marubani walioungua nyuso na mikono katika Vita Kuu ya Pili, kwenye hospitali ya East Grinstead, Uingereza. Wagonjwa wake waliunda chama chao mwaka 1941, na watu wa mji ule walizoea kuwaona wakitembea barabarani na nyuso zilizokuwa bado zinajengwa. Wood na Rees walipita mikononi mwake.

Kwa nchi zilizokuwa na barabara chache na madaktari wachache zaidi, ndege ilikuwa jibu sahihi. Ila wazee wale ndege haikuwafundisha kazi. Walifundishwa na wodi moja yenye vitanda, wagonjwa wanaokaa miezi, mwalimu asiyeondoka na vijana wanaorudia upasuaji ule ule mpaka waujue. Sisi tuliirithi ndege, tukaiacha wodi. Karibu miaka sabini baadaye bado tunamsubiri bingwa aje.

Kambi za madaktari kutoka nje nazishukuru kwa dhati. Watoto wengi wa Kanda ya Ziwa wanacheka leo kwa sababu ya kambi hizo. Lakini nimesimama ndani ya thieta zake na najua kinachotokea. Mgeni ana siku kumi na orodha ndefu ukutani. Hana muda wa kunisubiri nishone polepole, kwa hiyo nashika ndoano, nafyonza damu, nakata nyuzi. Siku ya kumi na moja wamepanda ndege, mimi nimebaki na mshono uliofumuka kwenye kaakaa la mtoto, na sikufundishwa nifanye nini. Mdomo wazi unafaa kushonwa mtoto akiwa na miezi mitatu hivi. Kaakaa, kabla hajaanza kuzoea kusema vibaya, yaani kati ya miezi tisa na mwaka na nusu. Mtoto hazaliwi kwa kufuata ratiba ya kambi. Duniani hukadiriwa kuwa mtoto mmoja katika kila 700 huzaliwa hivi. Nchi yetu inapata watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Hata mkiikata hesabu hiyo nusu, ni zaidi ya watoto elfu moja kila mwaka, na wataendelea kuja mwakani na mwaka wa kesho kutwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, kibali cha kila kambi kiwe na sharti: kambi itaje Mtanzania anayefundishwa, na sehemu ya upasuaji ifanywe kwa mikono yake huku mgeni akisimamia. Kama orodha itapungua kutoka wagonjwa hamsini hadi thelathini na tano, ipungue. Hao kumi na watano atawafanya yeye mwezi ujao, na wengine mwezi unaofuata. Mashirika yenye nia njema yatakubali. Smile Train, shirika linalosaidia watoto wenye mdomo wazi, tangu lianze mwaka 1999 limejengwa juu ya wazo hilo hilo, la kumwezesha daktari wa pale pale.

Majirani wamethubutu. Uganda, hospitali ya CoRSU iko Kisubi, kwenye njia ya Entebbe, na inafanya na kufundisha upasuaji huu mwaka mzima. Addis Ababa wana hospitali ya Yekatit 12, ambako wodi ya moto ni wodi ya kufundishia. Na Bangladesh, ambayo nayo si nchi tajiri na ina watu wengi kuliko sisi mara mbili na zaidi, mwaka 2018 ilifungua Dhaka taasisi ya moto na upasuaji rekebishi yenye vitanda 500. Ilitanguliwa na wodi ndogo ndani ya hospitali ya chuo, iliyokuzwa kwa miongo na kundi dogo la madaktari walioendelea kufundisha wengine. Samanta Lal Sen, daktari aliyeongoza kazi hiyo, mwaka 2024 aliteuliwa kuwa waziri wa afya wa nchi yake.

Na hapa nchini tuna mfano wa kujivunia. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, pale KCMC Moshi, kilianza mwaka 1992. Hakikuwasubiri mabingwa wajae kwanza. Kilichukua maofisa tabibu na madaktari kutoka Tanzania na nchi za jirani, kikawafundisha hapo hapo, na leo wahitimu wake wametapakaa katika nchi nyingi za Afrika. Ukimpata mtu mwenye ualbino kijijini ambaye amepakwa mafuta ya kuzuia jua na kuchunguzwa ngozi mapema, mara nyingi ujuzi huo una mizizi Moshi. Kilichowezekana kwa ngozi ya juu kinawezekana kwa upasuaji wa ngozi.

Ombi langu kwa Wizara ni kuchagua vituo vitatu, nje ya Dar es Salaam, na kuvijenga kweli. Mimi ningesema Mwanza, Moshi na Mbeya. Msimpeleke bingwa mmoja kila mahali. Bingwa aliye peke yake akiugua, wodi inafungwa. Akienda likizo, mwanafunzi anakaa bure. Na baada ya miaka mitatu amechoka, anahamia hospitali binafsi. Wapelekeni wawili wawili. Wapeni siku zao za thieta zisizonyang'anywa na dharura za uzazi, vitanda vyao, na wembe za dermatomu zinazonunuliwa kila robo mwaka kama zinavyonunuliwa glavu. Nimeshuhudia upasuaji ukiahirishwa kwa kukosa wembe.

Pale pale hospitalini wekeni chumba cha mazoezi. Hiki hakina gharama kubwa. Mishipa midogo ya damu hufunzwa kushonwa kwenye paja la kuku wa sokoni, ambalo lina mshipa wa upana unaokaribiana na ule wa kidole cha binadamu, na vyuo vikubwa duniani hutumia kuku huyo huyo. Mikato ya Z inafanyiwa mazoezi kwenye ngozi ya mbuzi kutoka machinjioni. Hadubini moja ya kufundishia, nyuzi zilizopita tarehe, meza, taa. Vijana wanaokesha kwenye simu watakesha hapo, nina hakika.

Kisha kuna watu ambao barua za namna hii huwasahau. Ngozi niliyoipandikiza kwenye kiganja itakaza tena ndani ya miezi miwili kama hakuna wa kuutengenezea mkono banzi na kumfundisha mama mazoezi. Mtoto niliyemfunga kaakaa ataendelea kusemea puani kama hakuna wa kumfundisha kutamka. Bandeji ya mtoto bila dawa ya kutosha ya maumivu ni mateso, na anayejua kumpa kwa usalama ni mtu wa usingizi. Ufadhili wa Samia kwa masomo ya ubingwa na ubingwa bobezi umefungua milango ambayo kizazi changu hakikuwa nayo, nasi tunaushukuru. Naomba kwa fani hii usitolewe kwa daktari pekee. Ufadhiliwe timu moja kwa kila kituo: madaktari wawili, mtaalamu wa usingizi, wauguzi wawili, mtaalamu wa utengamao na wa matamshi. Waanze pamoja na warudi mahali pamoja.

Neno kuhusu urembo. Muhimbili Mloganzila ilipoanza kupunguza matiti na nyama za tumbo, wengi walilalamika kwamba fedha za umma zinachezewa. Mimi siko upande wao. Mkono unaopunguza titi ndio unaolijenga upya baada ya saratani, na mwanafunzi anahitaji kuona vyote viwili. Huduma inayolipiwa na wenye uwezo pia inaweza kumbakiza bingwa katika hospitali ya umma badala ya kumkimbiza. Sharti langu ni kwamba sehemu ya mapato hayo irudi kwenye wodi ya moto na kwenye mafunzo, na ionekane kwenye hesabu.

Ndugu zangu wa Baraza la Madaktari, hapa kazi ni yenu. Wapo wanaochoma watu sindano za makalio kwenye saluni na kujiita wataalamu. Wapo pia madaktari halali wanaofanya upasuaji wa urembo bila kuusomea. Wekeni wazi orodha ya waliofuzu upasuaji rekebishi, mwananchi aweze kuandika jina kwenye simu na kupata jibu kabla hajalipa. Kwa kijana anayesomea fani hii kwa zaidi ya miaka kumi, orodha hiyo ni haki yake pia: cheo chake kisitumiwe na asiyekisomea.

Mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi uliozinduliwa mwaka 2018 uliandikwa kufika 2025. Tume ya jarida la tiba la Lancet ya mwaka 2015 ilipendekeza madaktari wa upasuaji, uzazi na usingizi wasiopungua 20 kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030. Kwa sensa ya 2022 tulikuwa watu milioni 61.7, hivyo tungehitaji zaidi ya 12,000, na kila mmoja wenu anajua tulivyo mbali na idadi hiyo. Katika mpango unaofuata, upasuaji rekebishi usifichwe ndani ya maneno "na huduma nyinginezo". Uandikwe kwa jina, vituo vyake vitajwe, na idadi ya watakaohitimu kila mwaka iwekwe ili tuweze kuwauliza. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, na zaidi ya watu mia moja wakafariki. Wengi walikufa pale pale, na hao hakuna daktari angewasaidia. Wengine walisafirishwa Muhimbili wakiwa hai, mwili mzima ukiwa jeraha. Siku ile nchi nzima iliona wodi ya moto ni nini. Barabara zile zile bado zinapitisha malori yale yale.

Bajeti ya Wizara husomwa bungeni kabla ya Julai. Naomba mwaka huu kiwemo kifungu cha vituo hivyo vitatu, hata kama kitaanza na kimoja. Kama ni kimoja, kianze Mwanza.

Hospitalini kwetu wapo madaktari watatu, wawili wao wanawake, wanaotaka kusomea fani hii na kubaki mkoani. Wamekwisha kuandika barua za maombi na ziko mezani kwa Mganga Mfawidhi. Tunaomba mtuelekeze tuzipeleke wapi.

Wenu katika kazi,

Daktari wa upasuaji
Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Ziwa